Nani Aliyevigundua Visiwa vya Pasifiki?

Kuna sentensi moja ambayo tumeizoea hata haitushtui tena: "Kapteni Cook alivigundua visiwa vya Hawaii mwaka 1778." Sisi twasema kwamba sentensi hii ina kosa, na kosa lenyewe si la historia peke yake, ni kosa la Kiswahili. Kugundua ni kupata kujua jambo lililofichika au lisilojulikana. Je, visiwa vilivyokuwa na watu, mashamba na watawala wake kwa mamia ya miaka vilifichika kwa nani?

Ajionaye amegundua hujiona pia ana haki ya kutoa jina. Basi Cook akaviita Visiwa vya Sandwich, kwa kumtukuza Earl wa Sandwich, mkuu wa mambo ya jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1774 alikuwa amekwisha kuviita visiwa vingine Hebrides Mpya, kwa jina la visiwa vya Uskoti. Kabla yake, Mholanzi Roggeveen alifika kisiwa kimoja siku ya Pasaka ya mwaka 1722, akakiita Kisiwa cha Pasaka. Wenyewe hukiita Rapa Nui. Naye Mhispania Ortiz de Retez, mwaka 1545, alikiita kisiwa kikubwa Guinea Mpya, ati kwa kuwa wenyeji wake walifanana na watu wa Guinea ya Afrika Magharibi!

Mabaya zaidi ni majina yaliyotolewa kama hukumu. Mwaka 1521 wenyeji wa Guam walitwaa mashua ya Magellan. Yeye akateremka pwani na watu wake wenye silaha, akachoma nyumba na kuua watu. Kisha visiwa hivyo vikaitwa Visiwa vya Wezi. Watu wa Tonga walimkaribisha Cook, wakapewa jina la Visiwa vya Kirafiki. Watu wa Niue walimzuia asishuke mwaka 1774, nacho kisiwa chao kikaitwa Kisiwa cha Washenzi. Yaani afunguaye mlango ni rafiki, na alindaye mlango wake ni mshenzi!

Yamkini wapo watakaowatetea: wageni hawakujua lugha, wangemwuliza nani? La hasha! Mwaka 1769 Cook aliondoka Tahiti akiwa na Tupaia, kuhani na baharia hodari wa Raiatea, ambaye aliwachorea Waingereza ramani yenye visiwa 74 pamoja na majina yake. Hata Tahiti yenyewe, Mwingereza Wallis alikuwa ameipa jina la Mfalme George mwaka 1767, lakini Cook aliandika jina la wenyeji kama alivyolisikia. Basi palipotakiwa kuuliza, iliwezekana kuuliza.

Hatusemi kwamba kila jina la kigeni litupwe. Hebrides Mpya zilipopata uhuru mwaka 1980 zilijiita Vanuatu. Lakini Visiwa vya Gilbert, vilivyopata uhuru mwaka 1979, vilichagua kuitwa Kiribati, yaani neno lile lile Gilbert katika matamshi ya wananchi. Kisiwa chao cha Kiritimati, ambacho Cook alikifikia mkesha wa Krismasi wa mwaka 1777, kinabeba jina hilo hilo la Krismasi, kwa kuwa "ti" katika lugha yao hutamkwa "s". Wamelitohoa neno likawa lao, kama sisi tulivyolitohoa "shule" kutoka Kijerumani. Kila taifa limefanya haki, kwani safari hii waliochagua ni wenyewe.

Ndugu walimu, jambo hili halipo mbali nasi. Mwaka 1858 Speke alilipa ziwa letu kuu jina la malkia wake, Victoria, ilhali Waganda waliliita Nalubaale, na wangali wanaliita hivyo. Mwanafunzi anayekariri kwamba Speke "aligundua" ziwa ambalo babu zake walivua samaki humo, anafundishwa kwamba babu zake hawakuwa watu wa kujua kitu. Nasi tusiwe wa kumfundisha hivyo kwa Kiswahili.

Hatuna budi, basi, kutaja kwanza jina la wenyeji, kisha la mgeni, na kueleza lilivyopatikana. Na sentensi ile ya Cook tuifute ubaoni, tuandike: "Cook alifika Hawaii mwaka 1778, akawakuta wenyewe."