Ukishuka Melini, Panga Kwanza Kurudi

Ndugu msomaji, wahenga wetu wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Abiria atatembea apendavyo, mbele ya chombo na nyuma yake, lakini mwisho wa matembezi yake ni kule tumboni mwa chombo alikotoka. Juma hili tunaichukua methali hiyo hadi bandari za Amerika ya Kusini, ambako meli kubwa za watalii hupita katika majira ya joto ya huko, yaani kuanzia Novemba hivi hadi Machi, zikishusha abiria asubuhi na kuwapakia tena jioni.

Wapo miongoni mwetu waliokwisha kuwaona abiria wa meli za namna hii wakishuka Unguja na Mombasa. Wapo pia wenye watoto au ndugu ughaibuni, ambao baada ya miaka ya kujinyima huwaalika wazazi wao katika safari kama hiyo. Familia inapoketi kuipanga, swali moja huzuka mapema: je, tununue matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, au tujitafutie gari na mwongozaji wetu tukifika?

Yafaa kwanza ieleweke jinsi mambo yanavyokwenda. Ndani ya meli huwa kuna ofisi inayouza matembezi ya nchi kavu kwa kila bandari, na bei yake hutozwa kwa kichwa. Nje ya lango la bandari huwa kuna madereva wa teksi, waongozaji na makampuni madogo ya wenyeji, ambao mara nyingi hutoza bei ya gari zima. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ikiwa meli inatoza dola 120 kwa mtu mmoja, baba, mama na watoto wawili watalipa dola 480. Ikiwa dereva wa mjini anakubali dola 200 kwa gari la siku nzima, familia hiyo imebakiza dola 280 mfukoni. Aidha, itasimama inapotaka, itakula wanakokula wenyeji, na fedha zake zitaingia moja kwa moja mkononi mwa mfanyakazi aliyeshika usukani.

Kwa hesabu ya fedha peke yake, basi, shauri lingekuwa limekwisha. Lakini bei iliyo kubwa zaidi hulipwa kwa saa. Basi lililokodishwa na meli likichelewa njiani, kwa kawaida meli hulisubiri, au kampuni yake hubeba jukumu la kuwafikisha abiria hao bandari ya mbele. Aliyejipangia mwenyewe hana ahadi hiyo. Saa ikifika, kamba hufunguliwa. Nahodha hafanyi hivyo kwa ukatili, kwani nyuma yake kuna rubani wa bandari aliyeagizwa, gati linalongojewa na chombo kingine, na mamia ya abiria waliorudi kwa wakati.

Kwa hiyo basi, anayetaka kujipangia aanze hesabu yake kutoka mwisho. Ajiulize kwanza mashua au daraja la mwisho la kurudi melini ni saa ngapi, ndipo ahesabu kurudi nyuma.

Tutazame bandari ya Stanley katika visiwa vya Falkland. Meli kubwa hutia nanga nje, na abiria huletwa mjini kwa mashua. Kivutio kikubwa cha huko ni Volunteer Point, ufuko wenye maelfu ya pengwini wakubwa waitwao pengwini mfalme, ndege wasioruka wenye rangi ya dhahabu shingoni. Gari la kupanda mabonde huchukua kama saa mbili na nusu kwenda, na sehemu ya mwisho haina barabara bali majani na matope. Sasa tuseme meli imefika saa mbili asubuhi, na mashua ya mwisho ni saa kumi alasiri. Zamu yako ya kushuka imekufikia saa tatu. Saa mbili na nusu kwenda, mbili za kuwaona ndege, mbili na nusu kurudi, jumla saa saba. Utafika gatini saa kumi kamili, bila hata dakika moja ya akiba. Gurudumu moja likizama katika matope, siku imeharibika. Siku ya namna hiyo, familia yenye busara itakwenda Gypsy Cove, umbali wa kilomita sita hivi kutoka mjini, ambako katika majira hayo huonekana pengwini wadogo wa Magellan, kisha itarudi kunywa chai mjini kwa raha. Hali kadhalika, mama mjamzito au mzee mwenye maumivu ya mgongo asipelekwe Volunteer Point hata kama saa zinatosha, maana ile njia humtikisa mtu mzima mpaka mifupa.

Jambo la pili ni saa yenyewe. Ratiba ya meli huandikwa kwa saa za kizungu. Iliyoandikwa 17.00 ni saa kumi na moja jioni, na katika pilikapilika za matembezi ni rahisi kujichanganya. Zaidi ya hayo, nchi hazina saa moja. Katika majira hayo ya joto, saa ya Chile huwa mbele ya ile ya Peru kwa saa mbili nzima. Simu ya mkononi hujibadilisha kwa kufuata nchi kavu, ilhali meli hufuata saa iliyotangazwa na nahodha. Kabla ya kushuka, vaa saa ya mkononi iliyowekwa sawa na saa ya melini, na hiyo ndiyo uifuate.

Jambo la tatu ni kuijua bandari kwa jina lake halisi. Tangazo la safari huweza kusema Lima, kumbe meli itafunga Callao, na kutoka hapo hadi katikati ya Lima kuna msongamano wa magari usiotabirika. Huweza kusema Santiago, kumbe ni San Antonio au Valparaíso, bandari mbili zilizo mbali na mji mkuu huo kwa kilomita zaidi ya 100. Mtu aliyepanga kutembea kwa miguu katika vilima vya Valparaíso atashangaa akijikuta San Antonio.

Baada ya hayo, ndugu msomaji, tunakushauri uzigawe bandari zako katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni bandari za miguu, ambako huhitaji kumlipa mtu yeyote ili uione nchi. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ni mfano mwema. Ukitoka langoni umekwisha ingia katika mji mkongwe, na jirani yake ni soko la Mercado del Puerto lililofunguliwa mwaka 1868, ambako nyama huchomwa kwa kuni mbele ya macho yako. Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, gati liko chini ya mji, na hifadhi ya taifa ya Tierra del Fuego haizidi mwendo mfupi wa teksi. Na meli ikifunga Valparaíso kwenyewe, mji huo uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2003 una vigari vya kamba vya kupandia vilima, ambavyo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1883. Uliza tu ni vipi vinavyofanya kazi siku hiyo. Katika bandari za fungu hili, kununua matembezi ya meli mara nyingi ni kulipia kilicho mlangoni.

Fungu la pili ni bandari za gari. Puerto Montt, nchini Chile, abiria hushushwa kwa mashua, na dereva mmoja anaweza kuwapeleka watu wanne Puerto Varas, kilomita 20 hivi, kisha kandokando ya ziwa Llanquihue hadi maporomoko ya Petrohué, huku mlima wa volkano wa Osorno, wenye urefu wa mita 2,652, ukiwatazama njia nzima. Hapa ndipo abiria wanne au watano wanapoweza kuchangiana gari, na faida ya kujipangia ikaonekana wazi. Lakini pangeni kurudi gatini saa mbili kamili kabla ya mashua ya mwisho.

Fungu la tatu ni mahali pa kuacha, au pa kwenda na meli tu. Kutoka Punta Arenas hadi milima ya Torres del Paine ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Buenos Aires hadi maporomoko ya Iguazú ni kama kilomita 1,300 kwa barabara. Machu Picchu haionwi kwa siku moja na mtu aliyeshuka asubuhi Callao. Anayetamani mahali hapo atenge siku zake kabla ya safari ya meli au baada yake.

Tukija kwenye mapatano na dereva, yafaa yawe ya maandishi, hata kwenye kipande cha karatasi. Andikeni bei, kama ni ya gari zima au ya kila mtu, ni kwa fedha ya nchi gani, mtapita wapi, na mtarudi gatini saa ngapi. Fedha yote isitolewe mpaka mmerudi. Kama mliagiza mapema na kutanguliza malipo, ulizeni swali moja kabla ya lolote: meli ikishindwa kutia nanga, fedha zetu zitarudi? Swali hilo si la woga. Stanley, kwa mfano, upepo huwazuia abiria kushuka mara kwa mara. Aliyenunua kwa meli kwa kawaida hurudishiwa fedha, aliyejipangia hutegemea mapatano yake.

Tahadhari na maneno pia. Ukiambiwa panda colectivo nchini Chile, ni teksi ya kuchangia inayofuata njia yake maalumu. Argentina neno hilohilo ni basi la mjini. Andika jina la gati lako kwenye karatasi, ukitanguliza neno muelle, yaani gati kwa Kihispania, umwonyeshe dereva. Karatasi haisahau matamshi.

Mkobani mwa mkuu wa familia kuwe na kadi ya meli, nakala ya pasi za kusafiria au pasi zenyewe zikihitajika, dawa za siku mbili, fedha kidogo ya akiba, na ratiba ya siku hiyo, ambamo mara nyingi huandikwa jina na simu ya wakala wa meli bandarini. Matunda, nyama na maziwa viacheni melini. Chile hukagua abiria na kutoza faini kwa vyakula hivyo, nalo chungwa moja la mtoto huweza kugharimu kuliko chakula cha mchana.

Na ikitokea mmeachwa? Msikimbilie kugombana na dereva. Mwiteni wakala, mweleze mko wapi, na mjue kwamba gharama ya kuifuata meli ni yenu. Kutoka Punta Arenas hadi Ushuaia ni kama siku nzima ya basi, pamoja na kuvuka mlango wa bahari wa Magellan kwa kivuko na mpaka wa nchi mbili. Kutoka Stanley ni vigumu zaidi, kwani ndege za abiria za kwenda bara haziruki kila siku. Akiba ya dola 280 tuliyoihesabu pale mwanzo huweza kuyeyuka kabla ya usiku kuingia.

Hatusemi haya ili kuwatisha mkae melini mkitazama nchi za watu dirishani. Mtu aliyejipangia vizuri hurudi na kitu kisichouzwa ofisini: amekula mezani pamoja na wenyeji, amejua dereva wake anaitwa nani na ana watoto wangapi. Lakini uhuru huo hununuliwa kwa nidhamu. Mwenye familia na ashuke, atembee, afurahi, na saa mbili kabla ya wakati awe ameketi kando ya gati, watoto wote wakihesabika, akiitazama meli yake ingali imefungwa.

Mpaka Jumapili ijayo, kwaherini.