Ilani ya Sinema ya Kutisha, Matambarale

Sisi vijana wa Matambarale tunaopiga picha kwa simu zetu msimu wa korosho ukiisha, tunaanzisha harakati ya sinema ya kutisha inayojijua.

Mfano wa sinema hiyo upo: mwaka 1996 Wes Craven alitoa filamu ya Scream, iliyoandikwa na Kevin Williamson. Vijana waliomo humo wamekua wakitazama filamu za kutisha. Mmoja anasimama sebuleni na kuwatajia wenzake masharti ya kubaki hai: usilewe, usifanye mapenzi, usiage kwa kusema "narudi sasa hivi". Siri inapofichuka, nyuma ya kinyago hakuna mzimu. Wamo wanafunzi wawili, marafiki zao.

Kibanda umiza, banda letu la kutazamia filamu, nacho kiliyajua masharti hayo. Dada wa kwenye filamu akiugusa tu mlango wa stoo, benchi zima hupaza sauti: "Usiingie!" Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya walijenga sanaa nzima juu ya sauti hiyo, wakisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chetu. Na ndugu zetu Wamakonde wana ngoma ya vinyago, mapiko: kijana akitoka jandoni anajua kwamba ndani ya kinyago kile kinachowakimbiza watoto yumo mtu.

Tunayasema haya kwa sababu hofu isiyojijua inaua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwafanya watu wawaue wenzao. Nasi tuna uvumi wetu wa mumiani, mnyonya damu wa huku. Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa kuni!

Filamu ya Nsyuka ya Mussa Banzi ilituonyesha kwamba Mtanzania anaweza kumtisha Mtanzania kwa hadithi ya nyumbani. Tunamheshimu kwa hilo, ila sisi tunashika njia nyingine. Katika filamu zetu bibi kizee hatakuwa mchawi kamwe. Kila kinyago kitavuliwa mbele ya kamera, na aliyekivaa atakuwa na jina, ukoo na kitu anachokitaka: mikorosho ya marehemu, kiwanja, urithi wa wajane. Wahusika watasema Kiswahili cha huku na Kimwera. Msimulizi atakuwepo kibandani, na kabla ya mwisho atasimamisha picha awaulize watazamaji: nani muuaji, na mmejuaje?

Anayetaka kujiunga aje na simu yenye chaji na hadithi moja ya kutisha aliyosimuliwa kwao, akiwa ameshauliza ni nani aliyefaidika nayo.