Dau la Mnyonge na Mwalimu wa Kiplombe

Wahenga walinena, tembea uone. Makala haya yanakusudia kuuelekeza usemi huo kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuishio bara, hasa huku Uasin Gishu. Hoja yangu ni moja: anayefundisha Kiswahili bila kuiona pwani hata mara moja, yapo maneno anayoyafundisha kwa kubahatisha. Dawa yake ni safari, tena safari ya barabara, ya polepole, akiwa na mwenzake wa kuhojiana naye.

Naanza na kisa changu. Desemba iliyopita, mimi na mume wangu tuliondoka Kiplombe, viungani mwa Eldoret, kwa gari letu dogo kuukuu, tukashika njia ya Lamu. Majirani walitushangaa. Desemba kwetu ni mwezi wa kumalizia mavuno ya mahindi, wa harusi, na wa kuwapokea jamaa watokao mijini. Mzee mmoja alituuliza kwa upole kama tulikuwa na msiba huko tuendako. Tulipomwambia kuwa tunakwenda kutembea tu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa fedha hizo zingetosha kununua mtamba. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ndiyo maana nawajibika kueleza tulinunua nini badala ya mtamba.

Kutoka Eldoret, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hadi gati la Mokowe ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Tungaliweza kupanda treni mpya iliyoanza kusafiri baina ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017. Hata hivyo, msafiri wa gari husimama atakapo, akasikiliza. Tulisimama Voi, tukasimama Mazeras, tukalala Mombasa karibu na Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Kila kituo Kiswahili kilibadilika kidogo, kama hewa inavyobadilika mtu anaposhuka mlima. Tulipovuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, mume wangu alisema kuwa hajawahi kukisikia Kiswahili kikisemwa na mtu asiyekifikiria kwanza. Kauli hiyo ilinikaa moyoni.

Baada ya Malindi na Garsen, njia huwa na upweke. Kufuatia shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, kwa miaka kadhaa magari ya huko yalisindikizwa na polisi. Sitawaficha wasomaji kuwa tuliingiwa na hofu. Lakini watu wa Lamu huipita njia hiyo hiyo wakienda hospitalini, sokoni na vyuoni, nasi tuliona aibu kuigeuza hofu yetu kuwa sababu ya kurudi.

Sasa nije kwenye kiini cha makala haya. Kwa miaka tisa nimewafundisha watoto wa Kiplombe methali isemayo, "Dau la mnyonge haliendi joshi." Kwa miaka yote hiyo nimewaambia kuwa kwenda joshi ni kwenda kasi. Tulipokuwa tukingoja mashua pale Mokowe, upepo wa kaskazi ukivuma, dau moja lilikuwa likihangaika baharini. Nilimwita mzee mmoja baharia, nikamwamkia, nikamuuliza kama dau lile linakwenda joshi. Aliutandaza mkono wake mithili ya tanga, akanionyesha upepo unatoka wapi na chombo kinaelekezwa wapi. Kwenda joshi, alieleza, ni kukikaza chombo kielekee kule kule unakotoka upepo. Kumbe methali haisemi juu ya kasi! Inamsema mtu ambaye hana nguvu ya kushindana na kinachomsukuma. Niliwakumbuka wanafunzi wangu, wana wa vibarua wa mashamba ya ngano, ambao methali hiyo ingewagusa mno laiti ningaliwapa maana yake kamili. Mume wangu alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha.

Mjini Lamu, mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, tuliingia katika nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Ukutani mlikuwa na safu za vidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa. Tulipoisoma Al-Inkishafi darasani, niliandika daftarini kuwa kidaka ni shubaka, nikapita. Pale ndipo nilipofahamu uchungu wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipowaza juu ya vidaka vya Pate vilivyowekwa vyombo vya thamani, kisha vikaachiwa ndege.

Jioni tuliketi ufuoni tukabishana kuhusu Utendi wa Mwana Kupona. Mume wangu, kama wanaume wengi walioukuta shuleni, aliupenda kwa sababu unamwagiza mke kumtii mume. Nilimkumbusha kuwa Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa na mjane, akimuusia bintiye. Marehemu mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji uliopambana na majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840. Hiyo ni sauti ya mama anayejua kuwa hatakuwapo kumlinda mwanawe katika ulimwengu wa vita. Hatukuafikiana, lakini kwa mara ya kwanza tulibishana juu ya mtu, si juu ya swali la mtihani. Pate yenyewe hatukufika, kwani mfuko ulikuwa umekauka.

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili si mali ya pwani pekee, na kwamba mtoto wa Kiplombe anakimiliki sawasawa na mtoto wa Lamu. Nakubali. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi ya Wakenya wote. Lakini kumiliki kitu si sawa na kukijua kilikotoka. Wazee wa Lamu husema "ndia" pale tunaposema "njia", na "mai" pale tunaposema "maji". Ningeyakuta hayo katika insha, ningeyatia alama nyekundu. Je, ni haki kumtia alama nyekundu mtu ambaye tenzi zake ndizo tunazotungia mitihani?

Wengine watasema kuwa safari ya mke na mume ni anasa ya Wazungu. Nauliza, ni nani aliyetuambia kuwa fukwe zetu ziliumbwa kwa ajili ya wageni? Ndoa nayo yahitaji siku chache za kuzungumza mambo yasiyohusu karo wala mbolea.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama chetu kipange safari ya basi kila mwaka hadi Mombasa na Lamu, wanachama wakichanga kidogo kidogo, wakae mabarazani pamoja na mabaharia na watunzi badala ya kukaa hotelini. Pili, tuwaalike vijana wa pwani waje kwetu. Waone ngano ikivunwa, waonje mursik kutoka kwenye kibuyu, watusaidie kuyatafutia mambo ya nyanda za juu nafasi katika kamusi. Udugu wa lugha hauwezi kuwa wa upande mmoja.

Shule zilipofunguliwa Januari, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuandika ile methali ubaoni na kuwaomba wanafunzi wangu radhi. Kisha niliutandaza mkono wangu mithili ya tanga. Mtamba tutamnunua mwakani, Mungu akipenda.