AFYA YETU: Chembe za Tangawizi na Ugonjwa wa Utumbo

Tangawizi unaifahamu. Tunaitia katika chai. Wengine huitafuna wakishikwa na kikohozi. Leo tutazame jambo ambalo wataalamu wamelipata ndani yake.

Kwanza, tuelewe kuvimba ni nini. Ukichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huuma na kuvimba. Hapo mwili unapigana na vijidudu. Kidonda kikipona, uvimbe huisha. Lakini kuna watu ambao utumbo wao huvimba, wala haupoi. Mwili hujipiga wenyewe. Mgonjwa huharisha damu, tumbo humsokota, naye hukonda. Ugonjwa huo huweza kudumu miaka mingi.

Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, Marekani, walieleza kazi yao. Walisaga tangawizi mbichi, wakakamua maji yake. Wakayatia katika mashine inayozunguka kwa kasi kubwa mno. Wakapata chembe ndogo sana. Ni ndogo kiasi gani? Tazama rula. Nafasi kati ya mistari miwili midogo ni milimita moja. Chembe zaidi ya 4,000 zikipangwa mstari mmoja zinaenea hapo!

Kila chembe ni kama kifuko cha mafuta kilichobeba vitu vya tangawizi. Panya wenye utumbo uliovimba walipewa chembe hizo kwa njia ya mdomo. Chembe zikafika utumboni, zikaingia katika ukuta wake. Uvimbe ukapungua. Utumbo ulioumia ukaanza kupona.

Je, sasa tunywe chai ya tangawizi, tuache dawa? Hapana! Chai si sawa na chembe zile. Zile zilitengwa kwa mashine, zikapimwa, zikatolewa kwa kiasi maalum. Tena, panya si mtu. Dawa nyingi zilizowafaa panya zimeshindwa kwa watu. Ndiyo maana dawa mpya hupimwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa watu wengi.

Jambo jingine ni hili. Kuharisha damu kuna sababu nyingi. Huenda ni vijidudu vya kuhara damu. Huenda ni amiba. Huenda ni kichocho. Kila ugonjwa una dawa yake, na kwa macho tu huwezi kuutambua. Lazima choo kipimwe.

Kwa hiyo, kumbuka mambo haya:

1. Ukiona damu katika choo, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

2. Mtoto anayeharisha hupungukiwa maji upesi, na anaweza kufa. Mnyweshe maji ya ORS kidogo kidogo mkiwa njiani.

3. Usiache dawa ya hospitali kwa sababu ya mizizi au majani. Kama unatumia dawa ya miti shamba, mwambie mganga wa zahanati.

Chai ya tangawizi ni tamu. Tuinywe. Lakini ugonjwa tuupeleke kwa mganga.