Samaki wa Kitai Wapewe Ukuta!

Wiki hii nipo Kitai, wilayani Mbinga, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Lituhi kwenda Ziwa Nyasa. Kijiweni gumzo ni kuta. Duka la kwanza limepakwa rangi ya kampuni ya simu, la pili kampuni nyingine. Vijana wanaojua kuchora wanaishia kuandika "Kinyozi" na "Hapa Tunachaji Simu". Jamani!

Na huu ndio mkoa wa Tingatinga! Edward Saidi Tingatinga, baba wa wale chui wenye macho makodo, hakuzaliwa Dar. Kazaliwa Tunduru, mwaka 1932. Akaenda Tanga kwenye mkonge, kisha Dar kusaka riziki. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Shule ya sanaa hakuiona hata kwa dirishani. Alichukua mbao laini za dari na rangi za baiskeli, basi! Rangi ile inang'aa na maji haiyaogopi. Mzigo ukaanikwa nje, Morogoro Stores kule Oysterbay, Wazungu wakaugombea. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mwizi. Miaka minne tu ya kuchora, halafu kwisha.

Wanafunzi wake hawakulala, mwaka 1990 wakasajili ushirika wao Dar. Mwaka 2010 ikatoka katuni ya Tinga Tinga Tales iliyotengenezwa Kenya, watoto wa Uingereza wakaikodolea. Sisi wa nyumbani tumeambulia nini?

Wanyama wa kuchora tunao. Ziwani kuna samaki wadogo wa kwenye miamba, wenzetu wa Malawi wanawaita mbuna. Wana bluu, wana njano, utadhani wamevaa jezi. Ulaya wanafugwa sebuleni kwenye matangi ya vioo. Kwa nini wasiogelee ukutani hapa Kitai?

Nikamuuliza mwenye duka mmoja. "Mdogo wangu, kampuni inanipakia bure. Mchoraji wako anataka hela." Nikamwambia, kaka, hiyo siyo bure, ni wewe unayewatangazia bila mshiko! Akacheka, akaniuzia soda.

Lakini hajakataa. Fundi wa vibao naye kaapa kwamba akipata makopo mawili ya rangi anachora mbasa anaendesha baiskeli. Kopo moja nimeshalipia. Bado la pili.