MGENI ALIYELIPA, LAKINI HARIDHIKI



Juma hili nataka kusema hasa nanyi mlio na nyumba ya kupangisha wageni wa likizo. Kazi hii imekwisha kuingia hata vijijini. Huku kwetu chini ya Kilimanjaro wana walioko Dar es Salaam hujenga nyumba nzuri, nazo zinakaa zimefungwa tangu Januari mpaka Krismasi. Basi mzazi asema, afadhali iingize senti mbili tatu.

Twajua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni aliyelipa humpi jembe, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mmoja humtumikia kama sultani hata akakonda, mwingine humkaripia kama shemeji mlevi. Yule mtu amenunua malazi, hakumnunua mwenye nyumba.

Yuko mjane mmoja huku kwetu, alipatana kwa simu na wageni wanne. Wakaja tisa, na spika kubwa juu. Usiku wa manane wanamgongea, “Mama, maji yamekwisha!” Tangi la lita 1,000, ndugu zangu, limekauka kabla ya jogoo kuwika! Asubuhi mkubwa wao akadai nusu ya fedha zirudi. Kisa? Ati siku mbili hawakuuona mlima. Nao walikuja Aprili, masika yenyewe, tena waliamka saa nne, mawingu yamekwisha kupanda. Mama akamjibu, “Baba, mlima haumo katika bei.”

Jibu zuri, ila lilichelewa. Idadi ya watu, ngoma za usiku, na maji yasemwe kabla ya kupokea fedha, tena kwa maandishi. Ujumbe wa simu watosha, mradi usiufute. Neno la mdomo mgeni atalisahau kabla hajafika Himo. Piga picha za vyumba kabla hawajaingia, na siku ya kuondoka kagueni pamoja, mkihesabu hata vikombe.

Hata hivyo malalamiko mengine ni ya haki. Mgeni akisema choo kimeziba, usiulize kwao wanatumia choo gani, kizibue. Akiumwa na mbu, tazama chandarua chako kwanza. Mwenyeji asiyetofautisha shida ya kweli na ubishi mtupu, wageni wote kwake watakuwa wabaya.

Wanaopata wageni kwa njia ya Airbnb wazijue kanuni zake. Mgeni akiona kasoro kubwa katika nyumba, yampasa kuitaja ndani ya saa 72 tangu aione, si kungoja mpaka amefika kwao. Nawe ukivunjiwa kitu, dai ndani ya siku 14 tangu mgeni alipoondoka, ukionyesha picha na risiti. Kadhalika kila mmoja ana siku 14 za kuandika habari za mwenzake, wala hazitangazwi mpaka wote wawili wameandika au siku hizo zimepita. Basi hawezi kuyasoma yako kwanza ndipo alipize.

Wako wanaosema, “Nirudishie fedha, ama sivyo nitakuandika vibaya.” Jambo hilo huko limekatazwa. Usimlipe, wala usimtukane. Hifadhi maneno yake kama yalivyo, uyapeleke kwa wasimamizi wa mtandao. Akiisha kukuandika, mjibu kwa mistari mitatu tu, ya upole. Anayejibu kwa hasira na maneno mengi, wasomaji humwamini mgeni.

Mjane wetu hakurudisha hata senti. Siku hizi amebandika karatasi mlangoni: watu wanne, kelele mwisho saa nne usiku, mlima huonekana ukipenda wenyewe. Desemba hapangishi kabisa, wanawe wanarudi.