Tusiwaite Wote Pasta



Leo nina neno juu ya maneno. Darasani ukimwuliza mtoto ni nani anaongoza ibada kwao, jibu ni "pasta", awe Mkatoliki, Mlutheri au Mpentekoste. Wengine wanasema ni jambo dogo, muhimu mtoto anaongea. Mimi sikubali.

Kazi yangu ni uuguzi. Bibi mgonjwa asiyejua Kiingereza anaomba padri, na mjukuu aliye kando ya kitanda anawaambia wauguzi kwamba anataka pasta. Anakuja mchungaji wa dhehebu jingine, mtu mwema, anamwombea vizuri na kuondoka. Bibi bado anasubiri. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padri au askofu tu. Mchungaji hautoi, wala shemasi hautoi. Ni kweli hospitali za hapa zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo, nanyi mwombeni kila mara. Lakini mkalimani hashindi wodini. Anayeshinda pale ni mtoto wako.

Basi wanangu, tuyajue maneno haya, kila moja na ukoo wake.

Padri tulilipata kwa Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwao padre ni baba.

Kasisi limekuja kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni neno la Kisiria lenye maana ya mzee. Sasa tazameni Kiingereza: priest, ambalo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza waliliandika preost, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, mzee.

Askofu na bishop ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka kwa Wagiriki, episkopos, yaani mwangalizi. Moja lilipita kwa Waarabu likafika kwetu, jingine likapita kwa Walatini likafika Uingereza.

Mchungaji ni letu wenyewe, kutoka kuchunga. Na pastor kwa Kilatini ni mchunga mifugo. Kwa hiyo ukisema mchungaji hupotezi kitu, unasema lilelile kwa lugha ya bibi yako.

Kuhani ni wa Biblia, kama Haruni nduguye Musa. Ni ndugu wa neno la Kiebrania kohen. Ukiwa na rafiki shuleni mwenye jina la Cohen, huenda babu zake walikuwa makuhani.

Na imamu si padri wala si "pasta wa msikitini". Maana yake ni aliye mbele, anayewaongoza wenzake katika sala. Uislamu hauna upadri. Watoto wetu Waislamu wasilazimishwe kuazima neno la kanisani kumweleza imamu wao.

Mzazi mmoja ataniambia, "Mwalimu, maneno yenyewe mengi ni ya kuazima, ya nini kuyang'ang'ania?" Namjibu kwamba hata ya Kiingereza ni ya kuazima, na hakuna Mwingereza anayeyaonea haya. Neno likishakaa na watu miaka mia kadhaa, wakazikwa nalo na kuozeshwa nalo, ni lao. Sisi tuliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na kwingineko tumekutana hapa Dallas, Fort Worth na Houston tukiwa na dini mbalimbali, na Kiswahili kilishatupa neno la kumheshimu kila kiongozi kwa cheo chake. Tukiyaacha yote yamezwe na pasta, mtoto atapoteza maneno na atashindwa pia kujua tofauti za watu anaoishi nao.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba jambo moja. Mkiwa njiani kwenda ibadani, mwambieni mtoto cheo cha kiongozi wenu kwa Kiswahili, na kazi anayoweza kuifanya yeye ambayo mwingine hawezi. Kisha mpigieni bibi au babu simu, mtoto mwenyewe amwulize: "Bibi, ukiugua ungependa tukuitie nani?" Jibu lake liandikwe, likae mahali mnapoweza kulipata hata usiku wa manane.